Taa za Kamio la Kisimba

Kisimba alimkuta Lukusa mbele ya gare, kituo cha treni cha Kolwezi, ameketi juu ya kitanda chake mwenyewe. Kitanda kilikuwa nje, kwenye matope, kimefunikwa karatasi ya plastiki. Kulia na kushoto, mpaka kule reli inakopinda, watu walikuwa wamejazana hivyohivyo na magodoro yao, masufuria yao, kuku wao ndani ya vikapu na watoto wao wanaokohoa. Wote walikuwa watu wa asili ya Kasai, wote walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao, na treni ya kuwapeleka walikoambiwa ni kwao ilikuwa haiji.

“Tata Lukusa,” Kisimba alisema. “Nilikuwa nakutafuta.”

Kwa miaka mingi walikuwa majirani kule Kapata, ukuta kwa ukuta, katika nyumba za kampuni ya migodi. Kisimba alikuwa Mluba wa Katanga ya kaskazini, na kamio lake, lori la mizigo, lilileta mahindi kutoka Lubudi. Lukusa alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji ya kampuni, na jioni, nyumbani, alirekebisha taa za madereva wa mtaa mzima. Aliyeletwa kutoka Kasai ni baba yake. Yeye Lukusa alizaliwa hapahapa Kolwezi, na huko Kasai hakuwahi kukanyaga. Hilo halikuwazuia vijana wa chama kilichodai Katanga ni ya Wakatanga peke yao kufika mlangoni pake na mapanga na mikebe ya petroli, kuwaita yeye, mkewe na binti yao bilulu, wadudu, na kuwapa mpaka adhuhuri wawe wametoka. Kisimba siku hiyo alisimama kwake akatazama.

“Unataka nini?” Lukusa aliuliza.

“Fare za kamio, zile taa za mbele. Niligonga muti, nikatia zingine. Sasa moya inaangalia mbingu, ya pili sijui inaangalia wapi. Ku gereji hakuko tena mutu wa kuzipanga. Bote beko hapa.”

“Bote beko hapa. Na nani alituleta hapa?”

“Haiko miye.”

“Ndiyo, haiko weye. Weye ulitazama tu.”

Kisimba akainamisha macho. Bilonda, mke wa Lukusa, alimtikisia mumewe kichwa kumwambia asiende. Lakini Lukusa alikwisha kuchukua bisibisi yake. Taa za Kisimba hazikumhusu. Alitaka kuiona nyumba yake.

Kamio lilikuwa ndani ya ua wa Lukusa, pua yake imeelekea ule ukuta ambao yeye mwenyewe aliupaka mistari myeupe ya kupimia taa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Adolphine, mke wa Kisimba, akatoka na chungu cha Bilonda mikononi, kile chenye mdomo uliomeguka, akamwona mgeni, akasema kwa upole, kama mwenye nyumba:

“Tata Lukusa. Karibu.”

Neno hilo lilimpiga Lukusa kuliko mapanga yote aliyoonyeshwa.

“Karibu wapi, mama?”

Kisimba ndiye aliyejibu, haraka haraka: “Kama siye hatungeingia, bengine bangeingia. Kwa jirani Kabongo balishatoa ata mabati. Siye tunakuchungia tu nyumba.”

“Munanichungia na kupikia mu chungu ya bibi yangu.”

Lukusa alifungua fremu za taa. Kila taa ilikaa juu ya springi na kushikwa na skrubu mbili, moja ya juu ya kuiinua na kuiinamisha, nyingine ya ubavuni ya kuipeleka kulia au kushoto. Ni kazi ndogo. Ukiikaza ya juu kidogo tu, mwanga unaruka mita nyingi mbele. Ndiyo maana taa ya kushoto, ya upande wanaotokea wanaokuja, huinamishwa kidogo kuliko mwenzake, mtu asimtie mwenziwe upofu barabarani.

“Na hili jua utaona mwangaza ku ukuta namna gani?” Kisimba aliuliza.

“Mi najua.”

Kisimba akaamini. Siku zote alikuwa amemwamini. Lukusa akaizungusha skrubu ya taa ya kushoto mpaka taa ikainua uso na kugeukia nje, kwenye macho ya dereva yeyote atakayekuja kutoka mbele. Ya kulia akaiinamisha mpaka ikatazama tairi la kamio lenyewe. Barabara ya Lubudi ni nyembamba, na makamio ya kubeba mawe ya shaba huipita bila kupunguza mwendo. Alifikiria hayo yote, kwa utulivu uliomshangaza, huku akirudisha fremu na kuzikaza vizuri. Alimfikiria Kisimba peke yake ndani ya kamio. Dereva wa gari litakalokutana naye hakumfikiria.

“Imekwisha,” alisema, akaondoka bila kuaga.

Njia nzima alitembea kama mtu aliyekunywa. Ile ghadhabu aliyokaa nayo juu ya kitanda, isiyo na pa kwenda, sasa ilikuwa imepata pa kwenda, na kifua kilikuwa chepesi.

Alipofika gare alimkuta Bilonda anakunja plastiki, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza tangu wafukuzwe. Binti yao Mbombo, mwenye mimba ya miezi minane na homa isiyoshuka, hakuwapo.

“Sista Godelieve alikuya kumuchukua,” Bilonda alisema kwa sauti ya chini. Huyo alikuwa mtawa wa zahanati ya misioni. “Bagonjwa na bale ba mimba banaenda Lubudi leo. Kule treni ya Lubumbashi inapita, na kuko hopitali. Banatoka giza likianza, juu bale ba jeunesse, bijana ba chama, basibaone.”

“Banaenda na nini?”

“Na kamio ya Kisimba. Hakukuambia? Sista alimukataza kusema ata kwa mutu moya. Bakijua, bataichoma.”

Lukusa alimtazama mkewe kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. Kisha akageuka akakimbia, bisibisi bado mkononi.

Alikimbia akimlaani Kisimba. Mtu huyu angeweza kusema neno moja tu: ni ya mtoto wako, Lukusa, zipange vizuri. Alimlaani mtawa na siri zake, na vijana wa chama, na kampuni iliyomleta baba yake mbali na kwao kisha isimtetee mwanawe. Laana ya mwisho, iliyobaki, hakuitamka, maana ilikuwa na jina lake.

Kamio lilikuwa nyuma ya zahanati, moteri inanguruma. Turubai lilikwisha kufungwa. Chini yake wanawake walikaa wamebanana juu ya magunia, na Mbombo alikuwa karibu na ukingo, kitambaa kimefungwa kichwani. Jua lilikuwa limezama na wekundu wake ulikuwa unaisha.

“Zima,” Lukusa alisema kwenye dirisha la dereva.

“Tunachelewa, tata.”

“Zima moteri. Zile fare niliziharibu.”

Kisimba alizima. Alishuka polepole, akafunga mlango bila kuupiga.

“Uliziharibu namna gani?”

“Ya kushoto inapiga mu macho ya mwenye anakuya. Ya kuume haionyeshe kitu.”

“Kwa barabara ya Lubudi.” Kisimba alimshika kola ya shati kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ndogo, kwa ajili ya waliokuwa chini ya turubai, lakini mate yalimruka. “Mutoto yako eko mule. Batoto ba batu beko mule.”

“Sikujua.”

“Na kama ningekuwa miye tu ndani, ungeniacha niende?”

Lukusa alimtazama machoni. “Ndiyo,” alisema.

Sista Godelieve akaja akawatenganisha kwa mkono mmoja. Alisema tu kwamba vijana wa kizuizi kwenye njia ya kutokea mjini walikuwa wameenda kula, na hawatakula usiku kucha.

Kazi waliifanya pamoja, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Kisimba aliwasha taa, akasogeza kamio likatazama ukuta wa zahanati, kisha akaenda kusimama ukutani kama kipimo, kiganja chake kikiwa mahali mwanga ulipotakiwa kuishia. Mzigo wa watu ulikuwa umeinamisha kamio nyuma na kuinua pua, kwa hiyo hata mpango uliokuwa sawa mchana ungetazama vilele vya miti. Lukusa alizipanga upya zote mbili kufuata mzigo huo. Bisibisi iliteleza mara kwa mara kwenye skrubu.

“Chini,” Kisimba alisema. “Chini tena. Simama. Sasa ilete kuume.”

“Naona.”

“Kama unaona, fanya.”

Mwanga wa kushoto ulishuka kutoka usoni mwa Kisimba mpaka kifuani, ukatua chini ya kiganja chake. Wa kulia ukapanda, ukakaa mahali pake. Kisimba alirudi kwenye usukani. Kabla hajawasha moteri aliinama dirishani.

“Nikirudi, nitalala mu ile nyumba. Sina ingine ya kufanya.”

“Lala,” Lukusa alisema. “Lakini usiseme tena ati unanichungia.”

Alizunguka nyuma kumuaga binti yake. Mbombo alikuwa amesikia kila neno. Alivuta turubai likaziba uso wake.

Kamio lilifika Lubudi salama, na siku chache baadaye Mbombo akajifungua mtoto wa kike katika hopitali ya pale. Treni ya Kolwezi nayo ilikuja mwishowe. Lukusa na Bilonda walipanda behewa la mizigo lisilo na paa, wakafika Mwene-Ditu huko Kasai, mahali ambapo watu walikicheka Tshiluba chao, lugha ya huko, na kuwaita Wakatanga. Mbombo aliwafuata huko na mwanawe. Kisimba alimtuma mfanyakazi mmoja wa reli na salamu, kwamba sasa kumetulia, Lukusa arudi wazungumze juu ya nyumba. Lukusa alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akamwambia hana cha kuzungumza na mtu anayemkaribisha mwenye nyumba nyumbani mwake.

Juu ya safari ile Mbombo hakumwambia baba yake kitu. Alimsimulia mama yake, siku moja wakimenya mihogo, na Lukusa akasikia kutoka ndani. Alisema kwamba kabla ya kufika Lubudi, kwenye kona, walikutana na kamio la mawe likija kwa mbio. Aliliona kupitia tundu la turubai. Lilipunguza taa zake, Kisimba akapunguza zake, wakapishana karibu sana hata angeweza kuligusa kwa mkono. Dereva wake alikuwa kijana, alikuwa akitafuna kitu, na alipopita aliwapungia.

Ndani, Lukusa alikuwa amekaa na viatu mkononi, akimwona yule kijana anayetafuna, ambaye siku ile hakumfikiria. Alikaa navyo hivyo mpaka waliponyamaza, kisha akavivaa, akatokea mlango wa nyuma asikutane na binti yake.