Mpishi wa Kitabu cha Saba

Kaka yangu huandika vitabu vya vita vya anga, mimi hushona nguo. Yeye ni mashuhuri kwa jina la uongo lililoko kwenye jalada, mimi ni mashuhuri kwa kuchelewesha nguo za watu. Wasomaji wake wengi ni wateja wangu, na hawana habari kwamba mtu wanayemsifu au kumsema amekaa nyuma ya pazia la duka langu, kwenye stoo ya vitambaa, juu ya jora la bitana, anawasikiliza.

Ndivyo tunavyofanya kila kitabu kinapotoka. Mwandishi akikuuliza usoni kama kitabu chake ni kizuri, utamwambia kizuri, hasa kama umeshakula kwake. Fundi akikuuliza huku umeinua mikono, pini zimekujaa toka kwapani hadi kiunoni, utasema ukweli ili amalize nawe upumue. Basi mimi hupima, hubana, halafu huuliza, "Na kile kitabu kipya umekionaje?" Huuliza kwa sauti kubwa, maana kaka ana sikio moja bovu.

Vitabu sita vya kwanza havikutupa shida. Nahodha Tufani na merikebu yake ya chuma alipita katikati ya nyota akipigana na Wazuru, viumbe wenye macho matatu na hasira isiyo na sababu. Mwisho wa kitabu cha sita Wazuru wakaizingira merikebu pande zote, mitambo ikazima, kitabu kikaisha. Watu waliingia dukani kwangu wamenuna kama waliodhulumiwa urithi.

Kisha wifi yangu, mke wa kaka, akafariki. Aliugua kidogo tu, akaenda. Kaka hakulia mbele za watu. Alirudi mezani kwake, akaandika kitabu cha saba.

Kitabu cha saba hakina vita. Ukurasa wa kwanza Wazuru wanaondoka, "kwa sababu wanazozijua wenyewe". Ndivyo kilivyoandikwa. Merikebu inaingia gatini kutengenezwa, na mpishi mpya anapanda. Anapika supu. Anamuuliza nahodha kama amelala vizuri. Sura ya tisa anatazama vazi la anga la nahodha, anasema limeshonwa vizuri sana. Sura ya kumi na moja anapika supu nyingine.

Nilimtambua mara moja, kwa kilemba chake cha manjano na kwa namna ya kufunga mlango kwa kisigino. Ila pale pa kusifu mshono palinishinda. Wifi yangu na mimi tulitaniana tangu siku aliyoolewa. Alikuwa akiingia dukani, anainua nguo niliyoimaliza, anaitazama kwenye mwanga, anauliza, "Wifi, hii mishono yako imelewa?" Hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya.

Mchapishaji akapiga simu. Kaka akaweka spika.

"Mzee, wasomaji wanalalamika. Huyo mama wa supu afe mwanzoni mwa kitabu cha nane. Mlipue, mtupe nje ya merikebu, utakavyo mwenyewe. La sivyo hatuchapi."

Kaka akakata simu. Halafu akasema, "Nitawasikiliza wasomaji. Wakisema aondoke, ataondoka."

"Utamuua?"

"Ni mpishi wa kitabuni tu."

"Usinifanye mjinga, kaka."

Alichukua mto, akaenda stoo.

Sasa mimi sikuwa tayari kumzika wifi yangu mara mbili. Mara moja ilinitosha, na bado haijanitoka. Nikaamua kwamba wasomaji watakipenda kitabu cha saba, wapende wasipende.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyekuja kujaribu suruali.

"Kurasa mia tatu," alisema, "na merikebu haijatoka gatini."

"Ukiona vyaelea vimeundwa, mwalimu."

"Viundwe, lakini si lazima niangalie. Na huyo mpishi, kwa kweli..."

Nikamchoma pini. Pajani, kidogo tu.

"Aah! Fundi!"

"Samahani, mkono umeteleza. Ulikuwa unasema mpishi ni mzuri."

Mwalimu aliutazama mkono wangu. "Si mbaya," akasema.

Mfamasia alisema kitabu kimemlaza usingizi kuliko dawa yoyote anayouza. Nikamchoma begani, akakumbuka kwamba kina mafunzo. Baada yake akaja jirani yangu muuza viatu, tunayemwita Baunsa kwa sababu ya ukubwa wake. Alisema mwandishi amezeeka apumzike, na supu ile hata mfungwa angeisusa. Nilimchoma mara mbili, ya pili kwa raha zangu mwenyewe. "Kitabu kitamu, dada," akasema, machozi yanamlengalenga. "Kitamu mno. Nihurumie."

Habari zikaenea mtaani kwamba macho yangu yameharibika. Mfamasia akaniletea dawa ya matone.

"Wanakipenda," kaka akasema tulipokuwa tunafunga duka. "Ila mbona kila mmoja anapiga kelele kwanza?"

"Kinawaingia," nikasema.

Kisha akaja nesi, kujaribu gauni. Ni mwanamke mnene, mpole, anayefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi. Nilimbana pini pande zote, nikamuuliza kuhusu kitabu, nikashika pini moja pembeni, tayari.

"Nakisoma mara ya pili," akasema. "Lakini yule mpishi... Fundi, weka hiyo pini chini."

"Pini gani?"

"Kazi yangu ni kuchoma watu. Mkono unaokuja kuchoma naujua."

Nikaiweka chini. Ningefanyaje?

"Yule mpishi amekufa," nesi akasema.

"Hajafa. Yupo mpaka ukurasa wa mwisho."

"Alikufa kabla ya ukurasa wa kwanza, ila mwandishi hataki kuambiwa. Mimi wodini nawasikia wafiwa kila siku. Mgonjwa anakuwa mkorofi, anatukana wodi nzima. Mmoja alinirushia bakuli la uji, mimi hapa. Akishakata roho, wanawe wanakaa kwenye benchi wanasema hakuwahi kuinua sauti. Ndiyo huyo mpishi. Hakasiriki, hachoki, hata chumvi haimzidii. Mwandishi amefiwa, maskini, anamsifu maiti. Namhurumia. Lakini mtu mwenyewe simuoni, na ningependa kumjua."

Nyuma ya pazia jora likaanguka. Kaka akatoka. Alikuwa na nyuzi kichwani na mguu mmoja umekufa ganzi, kwa hiyo alikuja akirukaruka. Nesi akapiga yowe, akajikumbatia, pini zikamchoma pande zote kwa pamoja, na hilo si kosa langu.

"Alikuwa anakoroma," kaka akasema.

Nesi akanitazama.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Amefiwa."

"Pole sana, baba."

"Alikuwa anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Asubuhi ukimwambia, anasema ni wewe."

"Enhe," nesi akasema, akainua mikono tena ili niendelee kubana. "Na nini kingine?"

Kaka akavuta kigoda, akakaa miguuni pake. Alisema jinsi mkewe alivyolitumbukiza daftari zima la kitabu cha pili kwenye beseni la sabuni, kwa sababu alimwita mara tatu amshikie ngazi, naye kaka hakuinuka. Alisema jinsi alivyonuna wiki nzima kisha akasahau alinunia nini, akaendelea kununa kwa heshima. Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Kaka naye alicheka, halafu akalia. Alilia kwa sauti, mbele za watu, na nesi akamwekea mkono kichwani bila kushusha ule mwingine, maana nilikuwa bado kwenye kwapa.

Gauni lilimkaa vizuri. Sikumtoza.

Kitabu cha nane mpishi hakufa. Mchapishaji alipiga simu kuuliza huyu mwanamke mpya, anayemfokea nahodha vita vikiendelea, katoka wapi. Kaka akamjibu ni yuleyule. "Basi mwache," mchapishaji akasema. "Huyu hata Wazuru watamwogopa."

Kurasa zinazonihusu kaka aliniletea kabla hazijaenda kiwandani kuchapwa. Aliziweka juu ya cherehani, akaondoka. Sura ya kwanza, Wazuru wamerudi, merikebu inatikisika, ving'ora vinalia. Mpishi mwenye kilemba cha manjano anaingia, anafunga mlango kwa kisigino. Anachukua vazi la anga alilomaliza kulishona dada yake nahodha, analiinua kwenye mwanga wa moto wa mizinga.

"Wifi," anasema, "hii mishono yako imelewa?"

Nikatazama gauni lililokuwa kwenye mashine. Mshono wa ubavuni ulikuwa umepinda, kweli. Nikalia nikicheka, nikachukua mkasi, nikaufumua.