Sauti Iliyochelewa

Mjane alikuwa akisoma kitabu cha mwendo wa hewa iliyoshindiliwa, miguu yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, huku mama mkwe wake akichambua mchele mezani. Alijiunga na chuo cha ufundi baada ya tangi la hewa kupasuka kiwandani na kumuua mumewe. Kiwanda kilisema marehemu alisinzia kazini. Mama mkwe hakubisha. Aliibeba aibu hiyo kimya, kama mtu mwenye jino bovu.

Mjane alizoea kusoma kwa sauti, maana ndivyo masomo yalivyomwingia. Akasoma kwamba habari husafiri hewani kwa kasi ya sauti, na kinachokwenda kasi zaidi ya hapo hufika kabla ya habari zake.

"Hebu rudia hapo," mama mkwe akasema.

Akarudia. Hewa ya jikoni ikaanza kujishindilia. Masikio yakaziba, pazia likabanwa ukutani, mchele ukanata kwenye ungo. Kisha sauti ya marehemu ikaingia dirishani, ikihema kidogo kwa uchovu wa safari.

"Bosi, vali ya tangi imekwama. Tuzime mtambo."

Ikafuata ya msimamizi wake wa kiwandani: "Wewe endelea. Mzigo unasubiriwa."

Mwisho ukaja mlipuko wenyewe, ambao kwa kuchelewa njiani ulikuwa umenywea ukabaki kama kizibo cha chupa kinachofunguka. Masikio yakazibuka.

"Kumbe hakulala," mama mkwe akasema.

"Hakulala, mama."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti, akaomba maji ya kunywa. Mjane naye alihisi mabega yake yameshuka.

Wakamwita msimamizi. Alikuja, akasomewa mstari ule, sauti zikarudi, akazisikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba ile ni sauti yake kabisa, akaomba aongezewe sukari kwenye chai. Akawaeleza kwamba taarifa ya ajali ilishapigwa muhuri, na kwamba vali bado ni ileile. Ikikwama, wafanyakazi huigonga kwa nyundo. Akaaga kwa adabu.

Alipofika mbali, mama mkwe akasema, "Vijiko vitano vya sukari, na bado anakunja uso."

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wakisukumana mabega kama wasichana. Kiwandani king'ora kikalia, na zamu ya mchana ikaingia kazini.