Kibao cha Usiguse

Gauni la mdogo wangu liliwekwa kando ya chemchemi, katikati ya bustani, pale ambapo hata aliyepotea njia lazima apite. Kiti changu kiliwekwa jirani na choo. Msimamizi wa maonyesho aliniambia pale pana kivuli kizuri. Kivuli chenyewe kilikuwa cha tangi la maji.

Gauni lilikuwa la waya, refu kama nyumba, na vifungo vyake vilikuwa vifuniko vya sufuria. Mdogo wangu alilisuka kwa heshima ya mama yetu, aliyetulea kwa cherehani. Watu walilizunguka kimya, mikono nyuma, kama wako msibani kwa mtu mkubwa. Mbele yake kulikuwa na nguzo fupi yenye kibao cheupe: USIGUSE.

Kiti changu hakikuwa na kibao. Nilikichomelea mwenyewe kwa nondo na vyuma chakavu, nikakipa mgongo mrefu na mikono mipana, kwa sababu mama ameshona maisha yake yote juu ya kigoda kisicho na mgongo, na jioni tulikuwa tukimkanda kiuno kwa zamu. Nilimpima kwa macho akiwa jikoni, kama yeye anavyowapima wateja wake. Nilitaka aje, akae, aegemee. Basi.

Asubuhi ya ufunguzi nilimkuta jamaa mmoja amekikalia, anamenya karanga.

"Kaka, hiyo ni sanaa," nikamwambia.

Akachungulia chini ya makalio yake. "Ipi?"

Kule kwenye chemchemi mwandishi wa habari alikuwa akimhoji mdogo wangu, naye anacheka kile kicheko chake cha kitinda mimba, cha mtu ambaye hajawahi kuachiwa ukoko. "Wazo lilinijia tu," alisema. Lilimjia! Mimi ndiye niliyemwambia, tukiosha vyombo, kwamba mama anastahili gauni kubwa kuliko yote aliyowahi kuwashonea watu. Roho iliniuma mpaka nikahisi ladha ya kutu mdomoni.

Walipokwenda kunywa chai, nilitoa bisibisi mfukoni. Kibao kilishikiliwa na skrubu mbili tu. Punde kikawa kwenye mgongo wa kiti changu.

Neno moja, na watu wakapata adabu. Wakaanza kukikwepa kiti. Bibi mmoja alimvuta mumewe shati: "Toka hapo, hicho cha maana." Cha maana! Kichwa kikanivimba. Kwenye chemchemi nako watoto waligundua kwamba vifuniko vinalia vikigongwa. Wakaingia ndani ya gauni. Nikangoja lianguke.

Halikuanguka. Liliimba. Kadiri walivyoligonga ndivyo watu walivyojazana, na mdogo wangu akasimama katikati yao akipiga makofi, kana kwamba alipanga hivyo tangu mwanzo. Hata ubaya wangu ulimkaa vizuri, kama nguo zake zote.

Ndipo mama akaja, pochi kwapani. Alilitazama gauni juu mpaka chini, akaona limelegea, akapiga magoti na kuukunja waya kwa vidole.

"Pindo halikunjwi hivi, we mtoto. Nimekufundisha nini miaka yote?"

Watu wakacheka, kamera zikamulika. Alipoinuka, alishika kiuno.

"Mama, njoo huku," nikamwita. "Chako kiko huku."

Akaja polepole. Akakizunguka kiti, macho yakamng'aa. Akanyoosha mkono. Akasoma kibao. Akaurudisha mkono.

"Kaa, mama."

"Hawajaruhusu, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyekitengeneza. Nakuruhusu."

"Kwani bustani ni yako? Si wameandika."

Akabaki amesimama, mkono kiunoni, mtiifu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mama yetu hajawahi kukanyaga majani yaliyoandikiwa yasikanyagwe.

Mdogo wangu alikuwa amemfuata. Alikiangalia kibao, akageuka kuitazama nguzo yake tupu kule kwenye chemchemi, kisha akanitazama mimi. Ningeweza kusema msimamizi amekosea. Lakini mama hakai mpaka kibao kitoke, na bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaitoa. Nikafungua skrubu zote mbili mbele yao.

Mama akakaa. Akajisogeza nyuma kwa wasiwasi, kama anayepapasa ukuta gizani, mpaka mgongo wake ukakutana na chuma.

"Ah," alisema, akafumba macho.

"Kumbe ni wewe, dada," mdogo wangu alinong'ona. "Watoto wangekatwa na zile waya! Niombe radhi."

Nikampa kibao chake.

"Niombe radhi, nimesema. Hapa hapa, mbele ya mama."

"Chemchemi yako, magazeti yako. Watoto wamekupigia ngoma, mama amekupigia magoti. Na radhi nayo unaitaka?"

"Dada!"

Mama hakufumbua macho. Mgongo wake haukutoka kwenye mgongo wa kiti.

"Siombi," nikasema. "Nenda kasimamie gauni lako. Siombi."