Shangazi Si Chanzo

Mashine ilikohoa, ikajikaza, ikaanza. Ta-ka-ta, kimya, ta. Ta-ka-ta, kimya, ta. Shangazi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, aliufunga. Kisha kiganja chake kikaanza kupiga paja, taratibu, kama mtu anayeitikia jina lake likiitwa kutoka chumba cha pili.

Nami nilisimama katikati ya harufu ya wino na mafuta ya mitambo, kinasa sauti mkononi, nikasahau kukiwasha.

Nilikuwa fundi redio. Muziki wa kigugumizi niliukuta ndani ya redio za wateja, kwenye kaseti zilizosahauliwa humo pamoja na vumbi: mdundo unaokwenda vizuri, halafu unaruka pigo moja, kama mguu uliotafuta ngazi usiikute. Vituo vya redio havikuupiga. Ulichezwa vyumba vya nyuma, ukanakiliwa kaseti kwa kaseti, kisha ukayeyuka. Nilijifundisha kuandika ili niuandike. Nilizunguka nikiwauliza waliokuwepo, na kila mmoja alinipa mwanzo wake. Sikumbishia mtu. Niliandika yote, nikaweka alama pale yalipogongana.

Mhariri wa kitabu kikubwa cha historia ya muziki alikubali kunipa sura nzima. Alikuwa mama makini, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila alipokuwa na neno gumu la kusema. Siku hiyo aliivua.

"Umeandika vizuri. Lakini nani anathibitisha?"

"Aliyeimba. Yupo hai. Ni shangazi yangu."

"Shangazi yako ni shangazi yako, mwanangu. Chanzo ni kitu kingine. Niletee kilichochapishwa."

Kilichochapishwa kilikuwa kimoja tu: safu fupi ya gazeti la zamani, iliyodai kwamba mtindo uliitwa hivyo kwa sababu mwimbaji wake alizaliwa na kigugumizi. Ama sura ifuate gazeti, mhariri alisema, ama itoke. Kitabu kilikuwa kinafungwa mwisho wa wiki.

Nilimkuta shangazi akianika nguo, kibanio mdomoni. Aliposikia, alikitema.

"Mimi? Kigugumizi? Mimi ambaye marehemu mume wangu alinunua redio apate mwingine wa kumsikiliza?"

"Ndivyo kilivyochapishwa, shangazi."

"Na wewe unataka nini hasa?"

"Kingine kilichochapishwa."

Akanitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mteja aliyeleta redio isiyo na betri. "Si ungesema! Kaseti zetu zilikuwa na karatasi kwenye kasha. Unadhani nani alikuwa akizipeleka kuchapishwa?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba mhariri hakumaanisha hivyo, kwamba alimaanisha kitabu, au gazeti. Nikaufunga. Neno ni lile lile moja: kilichochapishwa ni kilichochapishwa.

Shangazi alinipeleka hadi karakana ya uchapaji. Mchapaji aliyeitwa Wino alikuwa bado palepale, na mashine ileile ya chuma, nyeusi, ikiwa imekaa kama ng'ombe aliyegoma.

"Sindano!" alimwita shangazi kwa jina lake la jukwaani. "Nilisikia umekufa!"

"Nami nimekuja kuhakikisha kama wewe hujafa."

Karatasi za kaseti hakuwa nazo hata moja. Zilishaisha zamani. Alipoona nyuso zetu zimeshuka, aliwasha mashine, labda kutufariji tu. Ndipo ikakohoa, na shangazi akanyamaza.

"Ina jino lililovunjika," Wino alipaza sauti juu ya kelele. "Gurudumu hili hapa. Nyinyi mlikuwa mkifanya mazoezi chumba cha nyuma, na mpiga ngoma wenu alikuwa akinilaani, eti namvuruga."

"Baadaye akaacha kulaani," shangazi alisema. "Akaifuata."

Katika mahojiano yangu yote, hilo sikuwahi kulisikia. Nilimgeukia. "Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza watu. Hukuuliza mashine."

Ufundi ukanipanda. Niliomba kuliona hilo jino. Wino akazima, akaifungua mashine kama anayefungua kabati, na mbele yangu, nyuma ya sehemu inayopokea karatasi, nikaona tabaka nene la makaratasi yaliyobanwa.

"Hayo je?"

"Matandiko tu. Karatasi zilizoharibika. Naziweka hapo ili herufi zikanyage sawasawa. Nikitandika juu, ya chini siyagusi."

Niliyabandua moja moja, pumzi nimeibana. Kadi za harusi. Lebo za sabuni. Kalenda. Na chini kabisa, karatasi nzima ya makasha ya kaseti ambayo haikukatwa, yenye maandishi yaleyale yamerudiwa safu kwa safu: KIGUGUMIZI, MTINDO MPYA. SAUTI: SINDANO. MDUNDO: MASHINE YA WINO. Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la karakana, mwezi na mwaka.

Shangazi alipiga kofi. "Ule utani wangu! Wallahi, mimi ndiye niliyesema mashine iandikwe!" Akamshika Wino mikono, nao wazee wawili wakaanza kucheza pale pale, wakiruka pigo pamoja, bila mashine kuwashwa tena.

Niliibeba ile karatasi hadi kwa mhariri, katikati ya mbao mbili, kama kioo. Mhariri alivua miwani, kisha akaivaa tena. Alipapasa mikwaruzo na vishimo vilivyoachwa na kila kadi iliyopigwa juu yake.

"Kimechapishwa," alisema, akijizuia kucheka. Kisha akaacha kujizuia.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea shangazi nakala. Aliipita sura nzima, akaenda moja kwa moja kwenye tanbihi, akaisoma kwa kidole.

"Kwa hiyo sasa mimi ni chanzo?"

"Hapana. Chanzo ni karatasi. Wewe bado ni shangazi."

Kidole kilitoka kwenye ukurasa, kikaanza kugonga meza, na kila kilipofika mahali pa lile jino, kilibaki hewani.