Gauni la Mikono Mirefu

Duka lile la ushonaji lilikuwa na mlango mmoja tu, na mlangoni hapo alikaa Kufuli. Jina hilo alipewa na mafundi wenyewe. Kila alipomleta mkewe kupimwa nguo, alivuta benchi mpaka kizingitini akaziba njia, simu ya mke ikiwa mfukoni mwake. Mke akiulizwa anataka kola gani, Kufuli ndiye aliyejibu.

"Ya kufunga shingo. Na mikono mirefu."

"Joto lote hili, shemeji?" aliuliza Shangazi, mwenye duka, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa.

"Mirefu!"

Binti wa kaka yake Shangazi, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, alichukua tepu ya kupimia. Huyo maneno yake machache, lakini macho yake hayalali. Nyuma ya pazia, tepu ilipogusa mkono wa mke wa Kufuli, mwanamke aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Sindano akaziona alama.

"Nilijigonga mlangoni, dada."

"Mlango gani huo wenye vidole vitano?"

Mwanamke akainama, machozi tiritiri. Sindano hakumwambia avumilie. "Si kosa lako," alimnong'oneza. "Ukitaka kutoka, wapo watu wa kukusaidia. Ukitaka, lakini. Hatukusukumi."

Alipokuja tena kujaribu nguo, alisema anataka.

Shangazi akaikalia cherehani isiyo na hata uzi, akaikanyaga tra-tra-tra kama mwenye oda ya jeshi zima. Chini ya kelele hizo Sindano akapiga namba ya bure ya msaada, akamwekea mwenzake simu sikioni. Mama mshauri wa upande wa pili akapanga naye kila kitu: kuna nyumba ya hifadhi, na siku ya kuchukua gauni gari lingemsubiri kona ya mtaa. Kikabaki kikwazo kimoja, na kilikuwa kimekaa kwenye benchi.

Siku ilipofika, nyuma ya pazia alikuwamo pia bibi harusi, amekuja kuchukua nguo yake. Nalo duka lile lilikuwa na desturi yake: nguo ya harusi haitoki kwenye mfuko, hutoka imevaliwa, mafundi wakiisindikiza kwa vigelegele. Shangazi akamtazama bibi harusi, akamtazama mke wa Kufuli, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

Bibi harusi aliponong'onezewa, alivua upesi kama aliyeingiwa na siafu. "Achukue! Mimi nabaki na shimizi. Ila nirudishieni kabla ya Jumamosi, jamani, nisije nikaolewa hivi!"

Basi bibi harusi alikuwa mlingoti, na mke wa Kufuli kimo cha meza. Wakamtumbukiza, wakamfunika shela, gauni likaburuta nyuma kama mkia wa tausi. Pazia likafunguliwa. Vigelegele!

Kufuli alisogeza benchi kwa adabu. Pindo likanasa kwenye msumari wa benchi hilo hilo. Naye, muungwana mkubwa mbele za watu, akainama kulinasua.

Hapo Sindano akakumbuka: ndara! Hawakumbadilisha ndara za njano, alizonunua Kufuli mwenyewe.

"Fumba macho, mwanamume wewe!" Shangazi alibweka. "Mgeni akiona miguu ya bibi harusi, anang'oka meno yote!"

Mwiko huo hakuna aliyewahi kuusikia, hata Shangazi mwenyewe. Lakini Kufuli alifumba macho, tena akaongeza kiganja juu yake. Shela likampita puani.

"Mungu akupe mume mwema," alimwombea.

"Amina!" Sindano aliitikia, akijing'ata ulimi.

Kwenye kona, mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka. Wasindikizaji wakarudi dukani. Njiani Shangazi aliwaita mafundi vyuma wa jirani, vifua kama milango, waje kusimama naye wakati Kufuli anaambiwa.

"Bado tu?" Kufuli aliuliza.

"Usiingie, sijavaa!" bibi harusi alipiga ukelele nyuma ya pazia, na haukuwa uongo.

Simu ya Sindano ikalia. Akajibanza pembeni, akasikia kicheko asichokijua. Ilibidi asikilize vizuri ndipo amtambue mke wa Kufuli.

"Nimefika, dada! Lile gauni langu, likate mikono. Alama zitapona tu. Mimi nataka upepo!"

Sindano akachukua mkasi.

"Mbona mnachelewa?" Kufuli alifoka.

"Tunakata mikono, shemeji," alisema Shangazi, huku mafundi vyuma wakijipanga mlangoni.