Nafasi ya Mama Mjane

Kwa miaka kumi na tisa Winfrida alikuwa mama mjane. Si nyumbani, maana mumewe Sirili yu hai na buheri wa afya. Ni jukwaani, katika mchezo wa zamani ambao kikundi cha usharika wa Kirua Vunjo kiliurithi kwa wazazi. Wana wawili wanagombania kihamba, shamba la ukoo aliloacha baba yao, mama anawapigia magoti. Watu walipanda toka Kahe kuja kumwona.

Julai hii, Mwalimu Eliona anayeongoza mazoezi alimvuta pembeni.

"Mama Sifael, mwaka jana uliruka kurasa mbili nzima. Nafasi nampa Loveness. Wewe utashika kitabu, umnong'oneze akikwama."

"Loveness huyu niliyembeba mgongoni?"

"Huyo huyo, mama."

Hakugomba. Wiki mbili alikaa benchi la mbele, ukungu ukiingia madirishani, akimsikiliza binti akisema maneno yake. Kilichomchoma ni kwamba aliyasema vizuri.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja kutazama. Loveness alipiga magoti kati ya Hosea na Denis, walioigiza wana, akanyoosha mikono, kisha akakwama. Akamgeukia Winfrida. Maneno yalikuwa pale, chini ya kidole chake: "Nizikeni kwanza, ndipo mgawane." Winfrida akakaza midomo. Mzee mmoja akakohoa. Binti akamtazama tena, safari hii akaelewa. Akainuka, akatoka nje kwenye manyunyu.

"Haya, panda wewe!" Eliona akamfokea Winfrida.

Alipanda, akapiga magoti palepale. Hosea akasema maneno ya kumwingiza. Winfrida akafumbua mdomo, na ndani hakukuwa na kitu. Sentensi aliyoisoma dakika mbili zilizopita ilikuwa imepotea. Akageuka kutafuta wa kumnong'oneza. Kitabu kilikuwa peke yake kwenye benchi.

"Jamani, nisaidieni," akasema.

Denis akadhani ni sehemu ya igizo, akamjibu kwa maneno ya mwana mdogo, kwa sauti kubwa, hadi Hosea alipomshika bega anyamaze.

Wazee waliuondoa mchezo kwenye sherehe za jubilei ya usharika. Kwaya itaimba badala yake. Jioni Winfrida alikwenda kwa kina Loveness. Binti alitoka mpaka mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, maneno niliyaona. Nikakunyima."

"Najua, mama. Ungeniambia unaitaka ile nafasi, ningekuachia." Akavuta khanga mabegani. "Sasa hatunayo sote wawili."

Akafunga mlango taratibu.

Nyumbani, Sirili aliuliza mazoezi yamekwendaje. Winfrida akakaa jikoni bila kuvua viatu vyenye matope, akamwambia lile alilomficha tangu Pasaka: kwamba anasahau. Si mchezo tu. Juzi, akitoka mferejini, alisimama njia panda muda mrefu asijue kwao ni upande upi.

Sirili alivuta kigoda, akaketi karibu naye.