Kura ya Likizo ya Agosti

Mkutano wa wazazi uliitishwa Jumamosi mchana, baada ya kazi ya handaki, na wanawake wakaja moja kwa moja kutoka shimoni, matope yakiwa yamewakaukia miguuni. Hawakuingia darasani. Tangazo la shule lilisema kila baba mwenye mtoto shuleni ahudhurie apige kura, na akina mama wanaruhusiwa kusikiliza. Basi wakakaa nje kwenye nyasi, chini ya madirisha yasiyo na vioo, kila mmoja akachagua dirisha lake la kusikilizia.

Wawira alichagua la nyuma, kwa sababu kikohozi kilikuwa kinamsumbua na hakutaka kuwaudhi wasemaji. Alimega kiazi kitamu alichokuwa amekifunga kwenye kanga, akampa nusu Teresia, jirani yake, na nusu akala mwenyewe taratibu. Ulikuwa mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari. Walikuwa wamehamishwa kutoka migundani mwao, mashamba waliyoyarithi ng'ambo ya Runyenjes, wakapangwa kwenye vibanda vilivyofuatana kama meno, na kuzunguka vibanda hivyo walikuwa wakichimba handaki na kulijaza mianzi iliyochongwa. Walichimba tangu asubuhi hadi saa nane. Baada ya hapo waliruhusiwa kwenda shambani, na saa kumi na moja lango lilifungwa.

Ndani, Mwalimu Gichovi alieleza pendekezo lililotoka ofisi ya elimu. Mwaka wa shule urefushwe. Likizo ya Agosti ifutwe kabisa na ile ya Desemba ikatwe. Alisema watoto hawa walipoteza muda mrefu shule yao ya zamani ilipofungwa na serikali, na bila muda wa nyongeza hakuna atakayefaulu mtihani wa darasa la nne. Alitaja majina mawili ya wanafunzi waliokuwa na nafasi nzuri endapo wangesoma mfululizo. Moja lilikuwa la Kagure, binti wa Wawira. Wawira alitafuna kiazi bila kuinua uso.

Wa kwanza kupinga alikuwa Runji, aliyekuwa na ng'ombe.

"Mtoto wangu ndiye mchungaji," alisema. "Akisoma mwaka mzima, nitamfundisha ng'ombe ajichunge?"

Mbaka, mkuu wa homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali walinde kijiji, aliunga mkono pendekezo. Alisimama mlangoni na bunduki yake, akasema mtoto aliye likizoni huzurura, na anayezurura hufika msituni kwa wapiganaji, na anayefika msituni hafiki mikono mitupu. Shule ikiwa wazi, kila mtoto anajulikana aliko.

Hapo Teresia akasimama dirishani, ingawa hakuruhusiwa.

"Agosti ndiyo mtama unaiva," alisema. "Sisi tuko handakini. Nani atafukuza ndege? Ndege hawana habari kwamba Agosti imefutwa."

"Akina mama wanasikiliza tu," Mbaka akamkumbusha.

"Nimesikiliza. Tuondoeni handakini mwezi huo mmoja, watoto wasome. Basi."

Afisa wa elimu, Mzungu kijana mwenye mafua, aliyekuwa ameketi kando ya ubao, alimwomba mwalimu amtafsirie. Kisha akajibu kwa upole kwamba handaki si jambo la idara yake. Teresia akaketi.

Wawira alitaka yote mawili. Kagure alikuwa akisoma hata karatasi zilizofungia chumvi, na jioni alimsomea mama yake kwa sauti maneno ambayo wote wawili hawakuyaelewa. Lakini Kagure huyo huyo ndiye aliyekaa shambani na kombeo lake tangu alfajiri, na mwaka uliopita, alipougua macho kwa wiki moja, ndege walikuwa wamekula robo ya shamba. Chakula kingine hawakuwa nacho.

Kura ilipigwa kwa mikono. Wanaume walikuwa wachache, homgadi na wazee, wakagawanyika sawasawa. Afisa akapiga chafya, akauliza kama hakuna baba wengine.

Wakati huo ndipo baba wengine walipofika. Walikuja kwa kupanda kutoka upande wa chini wa uwanja wa mpira, wakitembea mmoja nyuma ya mwingine jinsi watu wanavyotembea katika njia nyembamba. Walikuwa na udongo mwekundu masikioni na kwenye mikunjo ya makoti. Mbele alikuwa Muriithi fundi wa baiskeli, na nyuma kabisa alikuwa Njiru, mume wa Wawira, amevua kofia.

Mbaka aliwazuia mlangoni akaomba vipande vyao vya utambulisho. Walivitoa mifukoni, vimelowa na kushikana kurasa. Mbaka alivifungua kimoja kimoja, akaangalia picha, akaangalia uso, akavirudisha.

"Mkitoka hapa mrudi moja kwa moja," alisema. "Mnajua saa ya kafyu."

"Tutarudi mapema," Muriithi akamjibu.

Afisa aliuliza hawa ni akina nani. Mwalimu Gichovi aliwatazama kwa muda, akasema ni wazazi. Afisa akafurahi, maana alikuwa ameambiwa kwamba wazazi wa huku hawajali shule.

Walikaa kwenye madawati ya nyuma, magoti yakiwa juu kwa sababu madawati yalikuwa ya watoto. Njiru alipata nafasi kando ya dirisha. Alipogeuka alimwona Wawira chini yake.

"Mama Kagure."

"Baba Kagure. Umekonda."

"Kidogo."

Wawira alifuta mkono wake kwenye kanga, akaupandisha dirishani, naye Njiru akaushika. Mkono wa Njiru ulikuwa baridi kama jembe lililolala nje. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi Wawira alikuwa ameambiwa kwamba mumewe yuko katika kambi ya wafungwa huko nyikani, mbali, safari ya gari moshi. Aliyemwambia ni Mbaka. Kila mara Wawira alimpa Mbaka ujumbe amfikishie, na kila mara Mbaka alimletea jibu.

"Nilikutumia maneno ukiri kwamba ulikula kiapo," alisema Wawira, "ili uachiliwe. Nilituma mara nyingi."

"Hayakunifika."

"Mbaka alisema umekataa. Alisema umetema mate."

Njiru alifikiri. "Sikupanda gari moshi lolote," alisema. "Tulitolewa kwenye lori jioni ile ile tuliyokamatwa. Yuko wapi yule mbuzi mwenye doa?"

"Ulisema nimpe Mbaka akutunzie."

"Sikusema."

"Basi anaye." Kikohozi kikamshika Wawira, akangoja kiishe. "Uko wapi sasa?"

"Hapo chini. Goli la upande wa mto."

Aliutazama uwanja. Ulikuwa uwanja mzuri, tambarare, nyasi zake zimeshika. Wanawake wa kijiji ndio waliousawazisha msimu wa mvua uliotangulia, kwa amri, kila mmoja na karai lake kichwani.

"Udongo ule niliubeba mimi," alisema.

"Najua. Nilikusikia ukikohoa."

Wawira aliinamisha kichwa kwenye ukuta wa darasa, wa udongo uliopakwa chokaa, na kukiacha pale. Teresia, ambaye mumewe hakuwa miongoni mwa waliokuja, alisogea akamshika mgongo. Hakujua kama afurahi kwa kutomwona wake.

"Mbona hukuja siku zote hizi?" Wawira aliuliza baadaye, uso ukiwa bado ukutani.

"Hatukuitwa. Juma hili mwalimu amewasomesha watoto tangazo uwanjani kila asubuhi, juu yetu. Kila baba, walisema. Tukaona haifai kukosa."

Mle ndani Mwalimu Gichovi alikuwa anarudia pendekezo kwa ajili ya waliochelewa. Njiru alisikiliza hadi mwisho, akainama tena dirishani.

"Nifanyeje? Mimi sijui mambo ya nyumbani yalivyo."

"Kagure anaweza kufaulu. Mwalimu amesema."

"Basi niinue."

"Na mtama? Ndege watamaliza."

"Ndege tuachieni sisi," Njiru alisema. "Mchana hatuna kazi."

Wawira aliinua uso. Alikuwa na alama ya chokaa kwenye paji. Aliuangalia uwanja, akamwangalia mumewe, akafikiria binti yake akisoma karatasi ya chumvi.

"Inua," alisema.

Njiru akainua mkono, na wenzake wa madawati ya nyuma, waliokuwa wakizungumza vivyo hivyo kwenye madirisha yao, wakainua. Likizo ya Agosti ikafutwa. Afisa aliwashukuru wote, akajifunga skafu, akaondoka na gari lake.

Kagure aliitwa kutoka darasa la jirani amsalimie baba yake. Njiru alimwambia amekua, akamtaka amsomee kitu. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine, alimsomea hesabu za kuzidisha zilizobaki ubaoni, na baba yake akamsikiliza akiwa amefumba macho. Halafu wale wanaume walishuka uwanjani kwa mstari, kama walivyoahidi.

Wawira alimfuata Mbaka langoni.

"Njiru yuko chini ya goli," alimwambia.

"Njiru yuko kambini. Hajakiri. Ndivyo ofisi inavyojua."

"Alikuwa ameketi pale."

"Nilimwona. Nilimsalimia."

"Na mbuzi wangu?"

"Amezaa," Mbaka alisema. "Wawili." Akaendelea kusafisha bunduki yake.

Agosti ilipofika, wanaume walipanda kutoka uwanjani kila alfajiri na umande, wakasimama katika mitama ya wake zao. Walirusha madonge ya udongo na kupiga kelele, na mikono yao haikuchoka. Ndege walijaribu kwa siku chache kisha wakahamia shamba la Runji, ambaye alikuwa hai na alikuwa peke yake. Kagure alisoma. Mtama wa Wawira ulikomaa bila kupungua suke. Adhuhuri alipelekewa habari handakini kwamba mambo ni mazuri, na hakuona sababu ya kutoamini.

Lakini Mbaka alipoona mashamba yana walinzi, alisema hakuna haja tena ya wanawake kuachiwa saa nane. Wakawa wanachimba hadi karibu na kufungwa kwa lango. Wawira alimwona mumewe kwa muda wa kuteremka tu, kutoka handakini hadi langoni, njia zao zilipokutana.

Jioni moja katika njia hiyo alimwambia kwamba anataka kumtoa pale. Anataka kumzika nyumbani, kwenye mgunda wao wa zamani, hata kama hakuna anayeishi huko. Njiru alisema itakuwa vizuri. Udongo wa kule si mzito, alisema. Basi Wawira alikwenda kwa Mwalimu Gichovi kuomba uwanja uchimbwe. Mwalimu aliandika ombi hilo kwa Kiingereza kizuri na kulipeleka mwenyewe ofisini kwa baiskeli. Alirudi akiwa ameishiwa upepo kwenye magurudumu yote mawili, akaja hadi kibandani kwa Wawira, akakataa kuketi.

"Wamekataa, mama."

"Wamesema hawako pale chini?"

"Hapana. Hilo hawakubisha. Wamesema uwanja unaweza kuchimbwa wakati wa likizo tu, watoto wasipokuwepo." Mwalimu aliutazama mlango. "Na shule sasa haifungwi. Desemba zimebaki siku chache, na hizo wamezitenga kwa gwaride la homgadi."

Wawira alimshukuru kwa safari. Alimpa mtama mpya kwenye kibuyu, na mwalimu akaupokea kwa mikono miwili, akaondoka akisukuma baiskeli.

Kesho yake alitoka handakini amechelewa. Langoni palikuwa na karani mgeni, aliyetumwa kuhakiki wake za wafungwa. Nyuma ya Wawira wanawake wengine walikuwa wamejipanga, na jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mianzi.

"Mke wa nani?" karani aliuliza.

"Wa Njiru."

"Yuko wapi?"

Njiru alikuwa anapita njiani pamoja na Muriithi, akikung'uta mikono. Wawira akamwonyesha kwa kidevu. "Yule pale."

Karani aligeuka, akamwona, akampungia mkono, naye Njiru akamjibu. Kisha karani akarudi kwa Wawira, akiwa ameweka mkono wake juu ya komeo.

"Mama, nimekuuliza mume wako yuko wapi."

Ndani ya lango Kagure alikuwa amesimama, moshi wa jiko ukifuka nyuma yake.

"Kambini," Wawira alisema.

Karani akafungua lango. Njiru alingoja njiani hadi alipomwona ameingia, akavua kofia, akashuka na wenzake kuelekea uwanjani.